Kijiji Kilichohamia Barabarani

Kabla ya lami, sisi wa upande wa Dutwa, Simiyu, tulikuwa na barabara kwa msimu. Kuanzia Juni, mvua ikishakata na mbuga ikishapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, gari lilipita. Novemba ikifika, mawingu yakianza kujipanga upande wa ziwa, wenye magari walituaga kama watu wanaokwenda ng'ambo, na kijiji kikabaki na miguu yake, ng'ombe wake wa mkokoteni na baiskeli chache za Phoenix na Swala. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopendwa na pamba, ukishanywa maji hauachii kitu. Tope lilijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Unashuka, unakwangua kwa kijiti, unasukuma hatua chache, unakwangua tena, na mwisho unaibeba baiskeli begani mpaka mchangani.

Leo Bariadi ni mwendo wa bodaboda. Ukitaka, unavaa viatu vyeupe Machi.

Lori la pamba ndilo lililokuwa basi letu. Lilikuja kwa ghala la chama cha msingi, na kabla halijaonekana tulilisikia likiunguruma mlimani, tukaacha ng'ombe kwa wadogo zetu tukakimbia. Mizani ilining'inia kwenye gogo, karani kachomeka peni nyuma ya sikio, na hewa yote ilinuka katani, vumbi na dizeli. Sisi watoto tulirushwa ndani ya bodi kushindilia. Pamba ilitufika kifuani, ina joto lake, ina vipande vya majani makavu vinavyowasha shingoni, nasi tuliikanyaga tukiimba huku utingo akitutupia magunia mengine juu. Ujira wetu ulikuwa kupandishwa hadi njia panda. Watu wazima ndio waliokwenda mbali zaidi, wamekaa juu ya shehena, kuku wamefungwa miguu, mama amejifunika kanga uso mzima kwa sababu ya vumbi, na mgonjwa amelazwa katikati ambako mtikisiko ni mdogo. Likichelewa kuja, pamba ilibaki nje ya ghala na wenyewe wakailinda usiku kucha, maana hapo ndipo zilipokuwa bati za nyumba, ada ya shule na ng'ombe wa mahari.

Siku hizi lori linafika hadi mlangoni pa ghala la AMCOS, kama chama cha msingi kinavyoitwa sasa. Watoto hawashindilii tena, na ni vizuri. Bei ya pamba bado inaumiza vichwa, lakini barabara si kisingizio.

Habari ndizo zilizokuwa na mwendo kuliko watu. Nyumbani kwetu redio ya mbao ilikaa juu ya kabati, imevalishwa kitambaa cha kufuma, na betri zake zikichoka zilianikwa juani pamoja na michembe mpaka zipate nguvu ya jioni moja. Wakati wa matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Sauti ile tulivu ilisoma jina la marehemu, ikataja ndugu alipo, Shinyanga, Magu, Tarime, Mpanda, na mara nyingine aliyetajwa alikuwa jirani yetu. Mtu anatumwa mbio kumpa habari, naye anafunga safari usiku huohuo akijua kwamba atakapofika, kaburi litakuwa limeshafukiwa. Ndivyo tulivyozika wakati ule. Walio karibu walizika, walio mbali walikuja kulia baadaye.

Sasa marehemu mwenyewe anasafirishwa. Kijana anafariki Dar es Salaam Jumatatu, ujumbe unaingia kwenye kundi la ukoo kabla ya saa sita, michango inatumwa kwa simu, na Alhamisi gari lenye jeneza linakata kona kwetu likifuatwa na Hiace imejaa ndugu. Sijui mama yangu, ambaye baba yake alizikwa bila yeye kumwona, angesema nini juu ya hili. Nadhani angefurahi. Mimi nafurahi pia, kwa sababu nimeona jinsi kutouona uso wa marehemu kulivyomkaa moyoni hadi uzeeni.

Safari ya mbali ilianzia stesheni ya treni ya Malampaka. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na katika nchi yote hii ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu, iligusa ukingo tu, kule Maswa. Kwa hiyo mtu wa Bariadi aliyetaka kwenda Dar es Salaam ilibidi kwanza aitafute treni kwa siku nzima. Tulilala kwenye sakafu ya stesheni, vichwa juu ya masanduku ya bati, kati ya magunia ya mchele na vikapu vya kuku, tukiamshwa na kila mluzi. Treni ilipofika, mizigo ilipitia madirishani, na watoto pia. Kisha Shinyanga, kisha Tabora na asali yake kwenye chupa zilizozibwa kwa gunzi, kisha nyika isiyokwisha. Behewani ulijua watu. Hadi Dodoma ulikuwa umeshajua mwenzako anaumwa nini, ameacha nani, na mwanawe wa pili amegombana na nani.

Leo basi linaondoka Bariadi alfajiri na usiku huohuo, au usiku wa manane, abiria wako Dar es Salaam. Kila mtu na visikizi vyake masikioni. Kuhusu reli, kazi ya kujenga ile ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, inawapa wazee wa Maswa mada mpya ya mazungumzo, nao wanaisubiri kwa hamu ambayo vijana hawaielewi.

Lakini kuna jambo moja ambalo halinipi hisia mbili, nalo nilieleze wazi. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alishikwa na uchungu usiku mmoja wa Machi, mimi nikiwa mtoto wa kutosha kushika koroboi. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda cha kamba kuelekea hospitali. Kati yetu na hospitali kuna korongo ambalo kiangazi ni mchanga mtupu, tulikuwa tukichezea hapo. Usiku ule lilikuwa limejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa na yanaviringisha magogo. Walimshusha ukingoni wakasubiri yapungue. Mtoto hakusubiri, na hakuishi. Shangazi alipona, akazaa wengine, na hadi leo haliiti korongo lile kwa jina lake. Mwaka juzi mjukuu wake alishikwa na uchungu usiku vilevile, na mvua vilevile, akapakiwa kwenye bajaji ya jirani. Asubuhi nilipompelekea shangazi habari kwamba wote wawili ni wazima, hakuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume.

"Walitumia muda gani kufika?"

"Hata nusu saa haikuisha, shangazi."

"Sema tena."

Nikasema tena.

Kwa hiyo sitamsikiliza mtu anayedai kwamba maisha ya zamani yalikuwa bora. Ninachotaka kukisema ni kingine, nacho kinahusu mahali kijiji chenyewe kilipo.

Kwa desturi yetu Wasukuma, kila mji ulikaa peke yake, umezungukwa na uzio wa minyaa, na kati ya mji na mji palikuwa na mashamba na malisho ya ndama. Jirani ulimwona kwa moshi wake. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Nakumbuka magari, mgambo, nyasi za paa zikishushwa ili tusirudi, na mistari iliyonyooka ambayo tulionyeshwa tujenge, nyumba ikitazamana na nyumba. Bibi yangu alikaa mwaka mzima bila kupanda hata boga kwenye kiwanja chake kipya. Operesheni ilipopoa, miaka ya 1980, watu walianza kuchomoka mmoja mmoja kurudi kwenye mahame yao. Kuta zilikuwa zimeshayeyuka kwa mvua, lakini minyaa ilikuwa imesimama palepale, imerefuka, ikionyesha lango lilikuwa wapi na zizi lilikuwa wapi. Baba alijenga juu ya msingi uleule wa baba yake. Ndipo nilipokulia.

Lami ilikuja kwa vipande. Cha Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, kikatuunganisha na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Cha Mwigumbi hadi Maswa, kilomita 50.3, kikaifungua njia ya Shinyanga. Na cha Maswa hadi Bariadi, kilomita 49.7, kikaja mwisho kuunga mnyororo. Kile cha Lamadi kilipita mbali kidogo na mahame yetu, kama mwendo wa robo saa kwa mguu. Robo saa hiyo ndiyo iliyotuhamisha. Kwanza alitoka fundi cherehani, akajenga fremu pembeni ya lami. Akafuata mwenye mashine ya kusaga, muuza vocha, mama lishe, mwenye karakana ya pikipiki. Kisha nyumba za tofali za kuchoma na bati la rangi, zimeipa barabara uso na mashamba mgongo. Nyingine zilijengwa karibu mno zikapigwa alama ya X nyekundu, zikavunjwa, zikajengwa tena hatua chache nyuma. Mara ya kwanza tulihamishwa kwa amri, tukarudi. Mara hii tumehama wenyewe, na hakuna anayerudi.

Ukisimama leo kwenye mahame ya baba, unaona minyaa kwa mara ya pili ikilinda nyumba isiyokuwapo.

Na watu tumekuwa wengi. Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, ikikatwa kutoka Shinyanga na kuongezewa Busega iliyotoka Magu, sensa ya Agosti mwaka huo ilitukuta watu 1,584,157. Sensa ya Agosti 2022 ilitukuta 2,140,497. Ni ongezeko la zaidi ya watu laki tano na nusu katika miaka kumi, juu ya ardhi ileile. Mahali palipokuwa na watu 63 kwa kilomita ya mraba sasa pana kama 85. Wageni husoma takwimu hizi wakasema tunazaa sana. Ni kweli, familia zetu ni kubwa. Mwaka 2012 kaya ya Simiyu ilikuwa na wastani wa watu 6.9, wakati wa taifa haukufika watano. Lakini tulizaa hivyo tangu zamani, na bado kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012 eneo hili lilikua kwa asilimia 1.8 tu kwa mwaka, chini kabisa ya wastani wa nchi, uliokuwa 2.7. Waliozaliwa walikwenda wapi?

Walikwenda na ng'ombe. Kila mwenye asili ya kwetu ana baba mdogo aliyeondoka. Wangu aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1980 na kundi lake lote, fimbo begani, sufuria mgongoni mwa punda, mkewe na watoto wakifuata nyuma, wakashika njia ya Mpanda kwa miguu, wakilala porini, wakilima mahali msimu mmoja na kusonga tena. Wengine walifika Usangu, wengine bonde la Kilombero, na mikasa ya kufukuzwa na kugombania malisho iliyowapata huko mmeisikia. Kwetu kuondoka kwao kulikuwa pumzi. Shamba lililoachwa lilipumzika, malisho yakarudi, ndugu waliobaki wakagawana nafasi. Hatukusema hivyo wazi, tuliwalilia, lakini ardhi ilishukuru.

Katika miaka kumi iliyofuata sensa ya 2012 tumekua kwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Sababu haiwezi kuwa moja, ila ninayoiona kwa macho ni hii: mtu hana tena haja ya kuondoka ili atafute maisha. Mambo ya mkoa yaliyotupeleka Shinyanga, kulala kwa ndugu na kupanga foleni siku mbili, yanamalizikia Bariadi. Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi kuanzia 2018 hadi 2020, na kwa mara ya kwanza Waziri Mkuu na wakubwa wengine walikuja kuuona mtama wetu badala ya sisi kuwasikia wao kwenye redio. Hata Gamboshi, kijiji ambacho nchi nzima inakijua kwa hadithi za uchawi na karibu hakuna anayekijua kwa wakulima wake, mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo akaona kwamba watu wanavuna pamba na kukamua ng'ombe.

Lakini ndugu waliokwenda Mpanda, huko Katavi, wameanza kurudi kwa basi. Wanakuja msibani, wanalala wiki, wanauliza mipaka.

Siku ya kuhesabiwa, Agosti 2022, nilikuwa kijijini. Karani alikuja kwa bodaboda na kishikwambi, binti mwenye adabu, akapiga goti kumwamkia mjomba wangu kabla hajakaa kwenye kigoda. Sensa ya 1978 aliyetuhesabu alikuwa mwalimu wetu wa shule ya msingi. Alikuja kwa miguu na makaratasi, na hakuwa na haja ya kuuliza majina yetu, alituchapa kila siku. Huyu aliuliza kama sheria inavyotaka: nani walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23? Mjomba akaanza kutaja watoto wake wote, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Binti akasubiri amalize, akauliza kwa upole tena. Mmoja yuko Lamadi anauza samaki, anarudi Jumapili. Mwingine Mwanza. Wawili Dar es Salaam. Mmoja dereva, hata mkewe hajui alilala wapi. Waliobaki kwenye kishikwambi ni mjomba, mama mkubwa na wajukuu wanne. Mjomba alikasirika. Kwake mtu mwenye nyumba na kaburi la babu hapa ni wa hapa, na ni kweli wanawe wanarudi kila mwezi, jambo ambalo baba mdogo wa Mpanda hakuweza kulifanya hata mara moja kwa mwaka. Lami imewaruhusu watu kuwa wa kijiji bila kulala kijijini.

Zamani mgeni alionekana kabla hajafika. Mbwa walikuwa wa kwanza kubweka, watoto wakatangulia kusema kuna mtu anakuja na mkoba mweusi, na jua likizama alikuwa ameshapewa maji ya kuoga na mahali pa kulala, hata kama hakuna aliyemjua. Sasa watu wengi wanapita kijijini kwetu, na wachache wanafika. Usiku nikiwa kwa mjomba nasikia malori tu, na breki zake zinazopumua.

Na wezi wa ng'ombe nao wamepata barabara. Miaka ya mwanzo ya 1980, sungusungu walipoanza, ng'ombe akiibwa mwano, ukelele wetu wa hatari, ulipigwa kutoka mji hadi mji, na vijana wakafuata kwato hata siku tatu, kwa sababu ng'ombe wa wizi anatembea kwa mwendo wa ng'ombe. Mwaka jana jirani yetu aliibiwa madume mawili ya jembe. Vijana waliamka haraka, wakashika njia wakiwa na tochi, wakafuata nyayo vizuri kabisa. Zikaishia kwenye lami. Palikuwa na alama za mbao ya kupandishia na kinyesi kibichi, basi. Wakasimama pale wakiangalia kulia na kushoto.

Vijana haohao ndio wenye bodaboda. Nawapenda na nawahofia. Wamewapa mama zetu miguu: mama anapakia ndoo mbili za nyanya alfajiri, saa nne ameshauza Bariadi, saa sita yuko jikoni kwake, na pesa iko mkononi mwake, haikupitia kwa mume wala kwa karani wa chama. Hiyo ni heshima ambayo bibi yangu hakuipata. Lakini pia tumezika watatu katika ukoo wetu, wote chini ya umri wa miaka thelathini, wote usiku, na kila mara taa ya pikipiki ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kilichobaki sasa ni ngitili. Ni eneo la malisho lililo nyuma ya mahame ya babu, linalofungwa masika na kufunguliwa kiangazi kikali, nyasi zimekauka zikiwa zimesimama, ndama na ng'ombe wagonjwa wanaingia kwanza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, mabwana misitu walikuja kuwahimiza watu wafufue ngitili zao. Ya kwetu ilikuwapo, wakaipiga picha. Ina migunga, mikwaju, na ndege ambao pembeni ya barabara huwasikii. Haitazamani na lami, ndiyo maana imepona mpaka leo. Sasa watoto wa baba mdogo wa Mpanda wametuma ujumbe kwenye kundi la ukoo: wanarudi, wana familia, wanaomba viwanja, na babu ni wao pia. Wamesema kwa adabu na wana haki. Kaka yangu mkubwa anapendekeza ngitili ipimwe, igawanywe mara saba.

Kikao ni Julai, pamba ikishauzwa. Nitakwenda na ramani niliyochorewa na afisa ardhi, inayoonyesha lile shamba la baba lililo kando ya barabara, ambalo mimi na kaka tumeshaanza kulipangisha fremu. Nitasema wapewe viwanja hapo, pamoja na sehemu yangu, na ngitili ibaki na mpaka wake. Kaka hatakubali upesi. Shangazi ameniambia atakuwepo, atapanda bajaji, na atakaa upande wangu.